Mkopo Wako, Majina Yetu

Kila ikifika Juni, mkulima wa Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, ana mikorosho ya kutosha na mfuko mtupu. Salfa, dawa ya mikorosho, inatakiwa ipulizwe, vibarua wanataka chao, mtoto ameitwa kidato cha tano, na mnada wa kwanza wa korosho bado uko mbali, Oktoba. Zamani pengo hilo lilizibwa na kangomba, mlanguzi wa korosho: anakupa fedha leo, msimu ukifika anazoa korosho zako kwa bei aliyoipanga yeye. Siku hizi simu imechukua nafasi yake. Unapakua programu, unaandika namba ya NIDA, na kabla chai haijapoa laki moja imeshaingia.

Wanaoisifu nawaelewa. Benki inataka dhamana, na nauli ya kuifuata nayo ni hela. Wala si mikopo tu. Anayekumbuka kusubiri malipo ya korosho kwa fedha taslimu, huku amebana begi kwapani njia nzima ya kurudi nyumbani, hawezi kuambiwa teknolojia ni mzigo. Mimi mwenyewe siwezi kukaa siku mbili bila kutuma hela kwa simu. Kinachoniudhi ni lile swali linaloulizwa kwa kejeli: "Mtu wa kijijini ana siri gani ya kuficha?"

Programu nyingi za mikopo zilikuwa na sharti la kuruhusiwa kusoma majina yote yaliyo kwenye simu. Mwenye shida ya salfa anabonyeza "ruhusu", basi. Siku ya kulipa ikipita, ujumbe hauendi kwake peke yake. Unakwenda kwa mjomba, na huku kwetu, kwa Wamakonde na Wamakua ambao ukoo wao ni wa upande wa mama, mjomba ndiye anayekalia posa na mashauri. Unakwenda kwa mama mkwe. Unakwenda kwa mwalimu wa madrasa na kwa mwenye duka anayekukopesha unga. Wote wanaambiwa fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Kangomba alikula korosho zako, lakini siri yako aliitunza, maana biashara yake yenyewe ilikuwa ya kificho.

Wakopeshaji wana hoja yao: bila dhamana, nani atarudisha? Ni kweli, aibu ndiyo dhamana ya mkopo huo. Hata kwenye kikoba, anayechelewesha marejesho husemwa mbele ya wenzake. Lakini wanakikoba walikaa pamoja, wakakubaliana, na kila mmoja ameweka hisa yake. Mama mkwe alikubaliana na nani? Namba yake imetolewa na mkwewe, ambaye naye hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Hapo ndipo hesabu ya urahisi dhidi ya faragha inapokosewa, kwa sababu urahisi unamfikia mmoja na gharama inatawanywa kwa watu mia tatu wasioonja hata shilingi.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na ikataka zifungwe. Nilishangilia, kisha nikajiuliza: majina yaliyokwisha kunakiliwa yanafungwa na nani?

Nauliza kwa sababu langu lilikuwamo. Niliwahi kupokea ujumbe wa namna hiyo kumhusu fundi aliyeniezekea nyumba. Sikuwa mdhamini wake, na sikujua hata kama anakopa. Sikumwambia kitu, ningeanzia wapi? Miezi michache baadaye alipita nyumbani, akasikia nataka kuezeka banda la uani, akapiga hesabu ya bati na misumari palepale, akaomba nusu ya fedha akanunue vifaa. Kazi yake naijua, ile paa ya kwanza haijawahi kuvuja. Lakini nusu ile ilinishinda kuitoa. Nikamwambia, "Fundi, nitakupigia." Sijampigia mpaka leo, na yeye hajui kwa nini.