Utabiri wa Pwani Usiotaja Maji

Jamani, huu utabiri wa hali ya hewa kwenye simu unatukera sisi watu wa Nairobi tukipanga safari ya Diani. Kiwingu kimoja, matone matatu, nyuzi 29, basi! Juzi mwenzangu ofisini nusura afute tiketi za treni kwa sababu ya kiwingu hicho, na mvua ya pwani mara nyingi hunyesha alfajiri, saa nne jua linawaka.

Tunachohitaji hakimo. Upepo je? Kusi ikivuma bahari huchafuka. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, bahari hutulia. Hilo halisemwi.

Na maji kujaa na kupwa, ambayo ndiyo habari yenyewe! Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, tofauti ya maji hupita mita 3, na kwa kawaida hupwa saa nne, saa tano asubuhi. Watoto wameshavaa nguo za kuogelea, maboya mkononi, wanakuta madimbwi na mawe hadi karibu na mwamba. Kesho yake yanachelewa kama dakika 50. Wavuvi wanajua, majedwali huchapishwa kila mwaka. Yawekwe basi kando ya hicho kiwingu!