Waipa ya Afande

Kazi yangu mie ni kupima watu. Kiuno, kifua, paja, naandika, nakata, nashona. Miaka ishirini na mbili niko Ngamiani, hapa Tanga, na cherehani yangu, hakuna aliyewahi kunipima mie, mpaka wiki iliyopita nilipokwenda kupimwa udereva. Tena masika. Tena jioni.

Niliambiwa saa nne asubuhi. Saa nne mvua inamwagika, afande hajafika. Saa sita, afande yuko njiani. Saa nane, afande anakula. Watahiniwa tisa tumejibanza chini ya kibaraza kimoja na kuku wawili, kila radi ikipiga tunasogeleana, mpaka kuku wenyewe wakaona bora mvua. Kuondoka siwezi: leseni ya lena imebakiza siku chache iishe, na mama watoto keshanihesabia hela zote nilizotoa, mbele ya mama yake.

Zamu yangu inafika, saa kumi na mbili kasoro, wingu limeshuka mpaka kwenye minazi na umeme umekatika. Nafunga mkanda. Natazama vioo vyote vitatu kama nilivyofundishwa, vyote vitatu vinaonyesha maji. Nawasha waipa. Ikaamka moja, ya upande wa afande.

Yangu imelala. Nikaongeza, ya afande ikaenda mbio zaidi. Yaani asiyeendesha anaona kama yuko sinema, anayeendesha yumo ndani ya sufuria la uji.

"Afande, waipa yangu..."

"Umekuja kuendesha au kutengeneza gari? Twende."

Nikaachia klachi, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Mwalimu alinifundisha Januari, jua la utosi, kiwanja cha mpira, kitu pekee cha kugonga ni goli. Mambo ya giza alisema tutayakuta mbele. Basi ndiyo haya.

Sasa Ngamiani yetu barabara zina namba, zimenyooka kama mshono, na kila kona inafanana na mwenzake. Mchana naendea pua: hapa mihogo, hapa randa za seremala. Mvua imefuta harufu zote. "Kata kushoto Barabara ya 9," anasema afande. Natoa kichwa dirishani niitafute, nakirudisha sikio limejaa maji.

Na baiskeli! Tanga hii baiskeli tunazo, taa hatuna. Akatokea mzee mbele yangu, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mwingine mwavuli mweusi, pindo la kanzu kaliuma kwa meno. Mie nilichokiona ni mwavuli unakwenda wenyewe. Nilikanyaga breki, afande akashika dashibodi kwa mikono miwili na kalamu ikaenda chini ya kiti, haijaonekana mpaka leo.

Nina shemeji yangu Uingereza, nilipomsimulia akacheka. Ati London mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na watu wanaendesha gizani hivyo hivyo, baridi inakata masikio. Sawa shemeji, lakini waipa zenu ngapi?

Baada ya ule mwavuli afande aliacha kunipima, akawa utingo. "Shimo! Kulia kidogo. Mama ana ndoo. Mama ana ndoo! Haya, nyoosha." Dereva alikuwa yeye, mie miguu tu.

Tuliporudi akaniuliza, "Unajionaje?"

"Sijioni, afande. Na wewe sikuoni vizuri."

Akasema nirudi Alhamisi.

Nikasimamisha bajaji. Waipa haina kabisa, kijana kachukua kipande cha sabuni akapaka kioo, akapangusa kwa kiganja, tukaruka. Akapita ile ile Barabara ya 9, mkono mmoja, mwingine umeshika simu, mashimo yote anayakwepa kama kayachimba yeye. Nikaona wivu. Nikamuuliza leseni yake aliipatia wapi.

Akageuka kunitazama mzima mzima, bajaji inakwenda.

"Mzee, mvua yote hii, trafiki gani atakuwa barabarani?"