Mgongo wa anayeuguza: tufundishe kuinua, au tupunguze kuinua?

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kurudi nyumbani, familia hupewa dawa, tarehe ya kliniki na, wakibahatika, somo fupi la kumnyanyua: kunja magoti, nyoosha mgongo, tumia nguvu za mapaja. Kuanzia hapo kazi ni ya mke, binti au dada wa kazi, usiku na mchana. Haipiti muda mrefu, naye anaanza kutafuta dawa ya kiuno.

Kuhusu kumlinda mtu huyu kuna kambi mbili. Moja inasema shida ni mbinu: watu wafundishwe kuinua vizuri. Nyingine inasema hakuna namna salama ya kumbeba mtu mzima kwa mikono, kwa hiyo tununue mashine.

Kambi ya mbinu inavutia kwa sababu haidai fedha wala umeme, na somo linafika hata kijijini. Tatizo ni matokeo yake. Mwaka 2008 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya Kari-Pekka Martimo na wenzake wa Finland, yaliyokusanya tafiti ambazo nyingi zilihusu wahudumu wa afya. Hawakupata ushahidi kwamba mafunzo ya kuinua, yawe na vifaa au bila vifaa, yanazuia maumivu ya mgongo. Sishangai. Mgonjwa si gunia: hana mahali pa kushika, hushtuka katikati ya safari, hukukumbatia shingo, na ukingo wa kitanda unakulazimisha uiname ukiwa mbali naye. Mwaka 2007 Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, alipendekeza kikomo cha takriban kilo 16 kwa anayemwinua mgonjwa kwa mikono, tena mazingira yakiwa mazuri. Mguu mmoja wa mtu wa kilo 100 una uzito unaokaribia huo.

Kambi ya mashine basi ina hoja nzito. Uingereza, kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri aepushe uinuaji wa hatari kadiri inavyowezekana, na Waafrika Mashariki wanaofanya kazi za malezi huko wameizoea winchi ya kumwinulia mgonjwa. Ila huko huko kulizuka kesi. Wazazi wa dada wawili wenye ulemavu mkubwa walivutana na halmashauri ya East Sussex kuhusu kuwainua kwa mikono, na mwaka 2003 Jaji Munby alisema wazi kwamba usalama wa mhudumu haufuti utu wa anayehudumiwa. Vyote viwili vipimwe, mtu kwa mtu. Naikubali hukumu hiyo. Anayeanza kupata nguvu za miguu, akininginizwa kila mara, ananyimwa nafasi ya kujifunza kusimama. Na hapa kwetu winchi inataka sakafu laini, mlango mpana na uwazi chini ya kitanda wa kupitishia miguu ya winchi hiyo. Vyumba vingi havina hivyo.

Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zinaruka kilicho karibu: kumtelezesha mgonjwa badala ya kumwinua. Kama ameporomoka kuelekea upande wa miguu wa kitanda, tandika chini yake khanga au shuka nzito iliyokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Toa mto kichwani, uusimamishe kwenye ubao wa kitanda asijigonge. Mwambie akunje goti la upande wenye nguvu na akanyage godoro. Wawili wanaosimama pande mbili za kitanda wakunje kingo za khanga hadi karibu kabisa na mwili wake, watangulize mguu mmoja kuelekea kichwani, wahesabu pamoja, kisha wahamishie uzito wao kwenye mguu huo huku mgonjwa akisukuma. Kipande cha nailoni laini chini ya khanga hupunguza msuguano sana, lakini kiondolewe papo hapo, asije akateleza hadi sakafuni. Kitanda kifupi kiinuliwe kwa matofali imara, ila kama mgonjwa anashuka mwenyewe, nyayo zake lazima ziguse chini.

Kuna jambo moja ningependa lipigwe marufuku wodini na nyumbani: kumnyanyua mgonjwa kwa makwapa. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, na kuvutwa hivyo huliteguza kwa urahisi. Mishipi ya kiuno inayouzwa madukani nayo isitumainiwe. Tangu 1994 NIOSH ilisema haijathibitika kwamba inamkinga mtu mwenye mgongo mzima asiumie.

Hospitali inaweza kubadilisha somo hili bila bajeti kubwa. Kabla ya kuruhusiwa, ndugu atakayeuguza amgeuze na amtelezeshe mgonjwa kwa mikono yake mwenyewe, mtaalamu wa fiziotherapia akimtazama na kumuuliza kitanda cha nyumbani kina urefu gani kutoka sakafuni. Maelezo ya mdomo pale mlangoni hayatoshi.

Kutelezesha nako kuna mpaka. Mtu mzito asiye na nguvu kabisa utamsogeza juu kitandani kwa khanga, lakini hutamfikisha kitini. Hapo mashine inahitajika, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 haimsaidii binti anayemuuguza baba yake, kwa kuwa hana mwajiri. Hospitali za wilaya zingekuwa na winchi chache za kuazimisha familia za namna hiyo, pamoja na fundi wa kwenda kukagua chumba kwanza.