Sofa ya Kona Inunuliwe kwa Vipande

Anayekwenda kununua sofa ya kona kwa kawaida huanza na rangi, hufuata kitambaa, kisha hukaa nusu dakika, hujinesanesa kidogo na kusema, "Hii ni laini." Kwa maoni yangu, huko ni kuanzia mwisho. Sofa ya kona ni viti kadhaa vilivyofungwa pamoja, na swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kama viti hivyo vinaweza kuachana, kubadilishana nafasi na kurudiana. Akikujibu hapana, mimi ningeendelea kutafuta.

Tazama jinsi sofa ya namna hii inavyochakaa. Kuna kiti kimoja kinachogombewa na kila mtu, aghalabu kile kinachotazamana na televisheni au kilicho karibu na soketi ya umeme. Kile cha kwenye kona yenyewe hakikaliwi mpaka wageni wajae, kwa sababu anayekaa pale hana pa kuweka magoti bila kumbana jirani. Miaka mitatu minne baadaye unakuta sponji ya kiti kimoja imetitia, kitambaa chake kimeanza kung'aa kwa msuguano, na hapohapo pembeni kuna kiti ambacho ungedhani kimetoka dukani jana. Kilichochoka ni kimoja tu, lakini mwenye nyumba anaanza kuzungumzia kuitupa sofa nzima.

Kama viti ni vya kipimo kimoja na kila kimoja kina fremu na miguu yake, dawa yake ni nyepesi: kilichochoka kiende pembeni, kilichopumzika kije mbele. Ukilifanya hilo kila baada ya miezi michache, uchakavu unagawanyika na hakuna kiti kinachotangulia kufa. Sofa iliyojengwa kwa vipande viwili vikubwa, yaani kochi refu upande mmoja na kipande cha kunyooshea miguu upande wa pili, haikupi nafasi hiyo. Hata mito yake mara nyingi hukatwa kwa maumbo tofauti, mmoja mstatili, mwingine una pembe ya kuuzunguka mkono wa sofa, kwa hiyo haibadilishani.

Wazo hili si geni. Mwaka 1970 msanifu wa Italia, Mario Bellini, alibuni sofa iitwayo Camaleonda, ambayo viti vyake, viegemeo na mikono huunganishwa kwa nyaya, kulabu na pete, ili mwenyewe aipange na kuipangua apendavyo. Baada ya kuachwa kutengenezwa kwa miaka mingi, ilirudishwa viwandani mwaka 2020. Sikushauri uifukuzie hiyo, maana bei yake si ya mchezo. Lakini fundi makochi hodari anaweza kukutengenezea viti vinne vya kipimo kimoja, akavifungia vibano vya chuma chini, nawe ukapata faida ileile. Hivyo vibano navyo uvitazame. Inama kabisa, usione haya mbele ya muuzaji. Kama vimefungwa kwa skrubu kwenye mbao ngumu, vyema. Kama vimebandikwa kwenye ubao wa vumbi la mbao uliogandishwa kwa gundi, siku ya kwanza mtu akijitupa kwa nguvu vitang'oka, na kuanzia hapo vipande vitakuwa vinaachana polepole juu ya sakafu laini hadi mtu adumbukie katikati.

Vipande huru vinakuokoa pia na mlango. Sofa nyingi za kona zina kina cha sentimita 90 hadi 105 kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo wa nyuma, ilhali milango mingi ya ndani haifiki hata sentimita 90. Pima mlango, pima kona ya ujia, pima ngazi na lifti kama ipo, halafu linganisha na kipande kikubwa kuliko vyote, siyo na sofa nzima. Kisha chukua utepe wa gundi uchore umbo lake sakafuni na uishi nalo siku mbili. Sehemu ya kupita watu iachwe sentimita 75 hadi 90, na kati ya kiti na meza ya mbele 40 hadi 45. Wengi huona sofa ni ya saizi yao hadi wanapoona utepe umeziba mlango wa kabati.

Halafu kuna mkanganyiko wa kushoto na kulia. Wauzaji wengi wanaposema kipande kirefu kiko kulia, wanamaanisha kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama sofa, si aliyeketi. Lakini si wote. Chora mchoro wa kalamu kwenye karatasi, hata uwe mbaya namna gani, umwonyeshe, naye aukubali kwa maandishi.

Sasa ndani, ambako ndiko fedha yako inakokwenda, au inakopaswa kwenda.

Fremu nzuri ni ya mbao ngumu iliyokaushwa vizuri. Mbao mbichi hukaukia sebuleni kwako, hujipinda, viungo hulegea na sofa huanza kulia kila mtu anapogeuka. Plaiwudi nene yenye tabaka nyingi usiidharau. Mara nyingine hushinda mbao za kawaida kwa sababu haipasuki wala haijipindi ovyo. Ninachokataa ni ubao wa vumbi la mbao mahali panapobeba uzito, kwa kuwa tundu la skrubu likishalegea humo halishiki tena. Viungo viwe na vigingi au ndimi za mbao pamoja na gundi, na pembe za ndani ziwe na vipande vya kuimarisha vilivyokazwa kwa skrubu. Pini za stepla kazi yake ni kushika kitambaa. Zikishika fremu, ondoka.

Kuna jaribio ambalo halihitaji utaalamu. Shika pembe moja ya mbele ya kipande, uinue kama sentimita 15. Ukifika hapo, mguu wa mbele wa upande wa pili nao uwe umeshaanza kunyanyuka. Ukibaki umetulia sakafuni, fremu inajipinda, na itaendelea kujipinda kila mtu anapokaa.

Kuhusu spring sina maneno mengi. Zile za koili zilizofungwa kamba kwa mkono pande nane zinasifiwa sana na zinastahili, ila spring za chuma cha nyokanyoka zilizopangwa karibukaribu na kufungwa imara zinawatosha watu wengi. Mikanda ya mpira pekee chini ya kiti kinachokaliwa kutwa siipendi, hulegea mapema.

Sponji ndiyo inayodanganya watu zaidi. Muuzaji akikwambia sponji yake ni ngumu, bado hajakwambia kitu. Ugumu ni jinsi inavyokupinga unapoibonyeza. Densiti ni uzito wake kwa kila mita ya ujazo, na densiti ndiyo inayokueleza itadumu kiasi gani. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, ikakufurahisha dukani, kisha ikabonyea kabla ya mwaka kwisha. Kwa kiti, mimi sikubali chini ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, na 35 au zaidi ni bora. Kwenye kiegemeo 20 hadi 25 inatosha, kwani mgongo haulemei kama makalio.

Muuzaji anaweza asijue densiti, au akajua na kukaa kimya. Toa mto kwenye mfuko wake uupime. Mto wa sentimita 60 kwa 60 wenye unene wa 15 una mita za ujazo 0.054. Ukiwa wa densiti ya 35, sponji yake itakuwa na takriban kilo 1.9. Ukiwa wa 20, haitazidi sana kilo 1.1. Tofauti ya gramu 800 unaihisi mkononi hata bila mizani, basi nyanyua mito ya sofa mbili zinazofanana umbo kabla hujazilinganisha rangi.

Manyoya juu ya sponji yanaleta raha, sikatai, lakini yanataka kupigwapigwa na kukung'utwa kila siku ili yasijikusanye pembeni. Kama huna mkono wa kazi hiyo, chukua sponji iliyofunikwa tabaka la nyuzi za poliesta na maisha yaendelee. Na kwa kuwa tumefika kwenye sponji: ile ya poliyurethani hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Uingereza iliweka kanuni maalumu mwaka 1988 zinazotaka samani za kukalia zipite majaribio ya kuwashwa moto. Popote ulipo, mshumaa na sigara visikaribie sofa.

Kitambaa nimekiweka nyuma makusudi, si kwa sababu hakina maana. Kinapimwa uimara kwa mashine iitwayo Martindale, inayohesabu misuguano kinayoweza kustahimili kabla ya kuanza kuchakaa. Kwa sebule inayotumiwa kila siku tafuta 25,000 na kuendelea. Kama una watoto au mnyama mwenye kucha, epuka ufumaji uliolegea wenye vitanzi, kwa sababu uzi mmoja ukivutwa huacha mstari mrefu.

Kwenye ngozi nina ugomvi wangu. Ngozi halisi ya tabaka la juu hudumu miaka mingi na huzidi kupendeza. Ngozi bandia nzuri inajulikana kuwa ni bandia, hakuna anayedanganywa. Lakini kuna ile inayouzwa kwa jina la ngozi huku ikiwa ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakashikizwa pamoja na kupakwa plastiki juu. Kwa joto, jasho na mafuta ya nywele, plastiki hiyo huanza kubambuka vipande vipande, na ikishaanza hakuna krimu wala rangi itakayoirudisha. Ukiambiwa ni ngozi, uliza ni tabaka gani na uombe kuona upande wa nyuma.

Matunzo ya sofa iliyochaguliwa vizuri hayana mambo mengi. Vumbi lifyonzwe kila wiki, hasa kwenye mianya kati ya kiti na kiegemeo, kwa sababu chembe za mchanga hukata nyuzi kila mtu anapokaa. Kinywaji kikimwagika, gandamiza kitambaa kikavu kinyonye. Ukisugua unakisukuma ndani na kuchana nyuzi. Jua la moja kwa moja hupausha kitambaa na kukausha ngozi, kwa hiyo kipande kilicho dirishani nacho kiingie kwenye zamu ya kuhama. Ngozi ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ipakwe krimu yake mara mbili kwa mwaka, na ikae mbali na kipasha joto.

Kabla hujatumia maji au dawa yoyote, tafuta lebo, mara nyingi iko chini ya mito. Herufi W inaruhusu dawa za maji, S inataka dawa isiyo na maji, WS inakubali zote, na X maana yake ni kufyonza vumbi tu. Kitambaa cha S kikiguswa na maji huacha duara ambalo litakukodolea macho kuliko doa lenyewe. Na zipu kwenye mto isikuhadae. Mara nyingi imewekwa ili kiwandani waweze kuingiza sponji kwa urahisi, wala si ruhusa ya kufua. Mfuko ukifuliwa bila ruhusa ya lebo unaweza kuruka saizi, nawe ukahangaika kuurudisha juu ya sponji isiyokubali.

Unapohamisha vipande, vinyanyuliwe, visiburutwe. Kuburuta ndiko kunakolegeza miguu na vibano. Ukiwa umeshainama, kaza skrubu za miguu, na uangalie kwamba mguu wa katikati, kama upo, unagusa sakafu kweli. Na mkono wa sofa si kiti, ingawa sijaona nyumba ambayo watu wazima wanalitii hilo.

Siku kiti kimoja kitakapoanza kuzama, toa mto kwanza ubonyeze chini kwa kiganja. Spring zikikurudishia mkono kwa nguvu, fremu na spring ni nzima. Badilisha sponji tu. Zikilegea, hicho kipande peke yake kiende kwa fundi huku nyinyi mkiendelea kukalia vilivyobaki. Kwa ajili ya siku hiyo, unapoagiza sofa nunua mita mbili tatu za ziada za kitambaa kutoka jora lilelile, kwa sababu jora la mwaka ujao, hata likiwa na namba ileile ya rangi, linaweza kutofautiana kidogo. Kihifadhi mahali pakavu pasipo na jua. Na ikiwa kitambaa cha sofa kimeshapauka wakati unakihitaji, mwambie fundi abandue kitambaa cha mgongo wa nyuma, ule unaotazama ukuta, akishone kwenye kiti, na kile kipya akipeleke huko nyuma.