Fidla za The Verve ni mali ya nani?

Kwenye chemsha bongo za roki ya miaka ya tisini kuna swali lisilokosekana: ni bendi gani iliyonyang'anywa mapato ya wimbo wake mkubwa kwa kuiba kwa Rolling Stones? Jibu linalotakiwa ni The Verve, na wimbo ni Bitter Sweet Symphony wa 1997. Pointi unapewa. Mimi neno "kuiba" ndilo linalonikaa kooni.

Tuanze na fidla zenyewe. Mwaka 1965 Rolling Stones walitoa The Last Time, wimbo wa magitaa, hauna fidla hata moja. Meneja wao, Andrew Oldham, alikuwa na okestra ya kurekodi upya nyimbo zao, na kazi ya kuupangia wimbo huo ala akapewa David Whitaker. Humo ndimo zilimotoka zile fidla ambazo mtu akizisikia tu anaujua wimbo. Richard Ashcroft, mwimbaji wa The Verve, alikata kipande kifupi cha rekodi hiyo ya okestra, akakizungusha, kisha bendi ikajenga juu yake: ngoma, magitaa, fidla nyingine zilizopangwa na Wil Malone, na maneno yake mwenyewe. Juzi nilimpigia mpwa wangu nyimbo hizo mbili, wa Stones na wa The Verve, nikamwuliza zinafanana wapi. Akausikiliza wa Stones mpaka mwisho, akaniambia, "Mjomba, umekosea kuweka."

Na ruhusa waliomba. Walipewa na Decca, wenye rekodi ya okestra. Kumbe rekodi ni haki moja na utunzi ni nyingine, na utunzi wa Stones wa miaka ile ulikuwa mikononi mwa ABKCO, kampuni ya Allen Klein. Klein alikataa. Albamu ikiwa tayari, akakubali kwa sharti kwamba mapato yote ya utunzi yawe yake na watunzi waandikwe Mick Jagger na Keith Richards wa Stones. Ashcroft akaambulia dola 1,000 kwa maneno yake.

Wanaomtetea Klein wana hoja, tena si ndogo. Haki ilikuwa yake, na ruhusa huombwa kabla ya kuinjika chungu, si chakula kikiwa mezani. Whitaker mwenyewe, wanasema, alikuwa anaifuata sauti ya Jagger. Halafu kuna hili: Juni 1997, wimbo ulipotoka, aliyeizuia The Verve isiingie nambari moja Uingereza alikuwa rapa Puff Daddy, kwa wimbo uliojengwa juu ya gitaa la bendi ya The Police. Mapato yake ya utunzi yalikwenda kwa Sting, mtunzi wa The Police, na hakuna aliyemlilia Puff Daddy. (Gitaa lenyewe lilipigwa na Andy Summers, ambaye hata kwenye utunzi hayumo.)

Sawa. Lakini asilimia 100? Angedai nusu, tungebishana. Kuchukua zote ni kusema Ashcroft hakutunga kitu, na asiyetunga kitu hana sauti: mwaka 1998 wimbo ukauza viatu vya Nike. Mwaka uliofuata ukateuliwa kuwania Grammy ya wimbo bora wa roki, na majina yaliyosomwa kama watunzi yakawa Jagger na Richards, watu wawili ambao hawakuandika neno lake hata moja na ambao fidla zile hawakuzipanga wao. Whitaker hakutajwa. Na hiyo The Last Time nayo ina asili: imetokana na wimbo wa injili ambao Staple Singers waliurekodi miaka ya hamsini, na Richards mwenyewe amelikiri hilo. Kwenye karatasi za utunzi wameandikwa Jagger na Richards, basi. Sheria ni msumeno, ila huu ulikuwa na meno upande mmoja.

Klein alifariki 2009. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Ashcroft alitangaza kwamba Jagger na Richards wamemwachia mapato yao yote ya wimbo huo kuanzia hapo na majina yao yameondolewa. Miaka 22 ilikuwa imepita. Whitaker hakuwahi kuyasikia hayo. Alifariki Januari 2012, na hata baada ya marekebisho hayo, mtunzi anayeandikwa ni Ashcroft peke yake.