Kompyuta Iliomba Memori

Mwaka 2008 nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, tulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mzee. Ilikuwa na Windows XP, rami ya MB 256 na diski ya GB 40 ambayo mdogo wangu alikuwa ameishindilia sinema za Kinaijeria, zile za sehemu ya kwanza hadi ya nne na mama mkwe analia zote. Kwa vile ni mimi tu niliyeweza kuiwasha bila kuipiga kofi, nikapewa ukatibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu.

Siku moja naingiza majina ya wachangiaji, kikaibuka kibao cha njano chini pembeni: kumbukumbu pepe imepungua. Mama akauliza kinasemaje. Nikamwambia inaomba memori.

"Basi inunulie, mwanangu, isije ikatuaibisha mbele za watu."

Nikapanda daladala hadi Mwanjelwa. Dukani nikasema kwa kujiamini, "Nipe memori." Kijana hakuuliza mara mbili, akanipa memori kadi ya simu, GB 1, na kadi rida yake. Elfu kumi na mbili ikatoka. Nimechomeka, mashine ikatoa kimlio cha furaha. Nikaitikia kwa kichwa. Baada ya dakika kumi kibao kikarudi, nahisi na njano yake ilikuwa imekoza.

Fundi niliyemwendea alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Kaka, rami ni meza ya mama muuza ndizi. Ikijaa, mikungu mingine anaisukumia stoo nyuma. Hiyo stoo, yaani kipande cha diski, ndiyo kumbukumbu pepe. Kwa rami yako ya MB 256, XP huanza na stoo ya MB 384, ikizidiwa inaitanua mpaka 768. Sasa stoo mmejaza sinema, itatanuka kuelekea wapi?"

Akanipa njia mbili: ninunue rami, au nifute sinema. Rami ilikuwa ghali. Na mdogo wangu alisema nikigusa sinema zake, nitafute ndugu mwingine. Nikachukua njia ya tatu, ambayo hakuna aliyenishauri.

Niliamuru mafaili yaliyofichwa yajitokeze. Likajitokeza moja nene, MB mia tano na ushee, pagefile.sys. Nyumba nzima hakuna anayelijua! Nikajaribu kulifuta, likagoma, eti linatumika. Nani analitumia? Nikajua nimemkamata mwizi. Nikazama kwenye mipangilio hadi sehemu ya kumbukumbu pepe, nikachagua lisiwepo kabisa. Kompyuta ikanionya jambo, sikusoma. Nilipoiwasha upya, nafasi ilikuwa imeongezeka, nami nikatembea siku mbili kifua mbele. Kumbe nimebomoa stoo, nasifia ukubwa wa uwanja.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ile ya Uyole ya kuongea ukatoa moshi mdomoni, kamati ikajaa sebuleni. Mchana kutwa nilikuwa nimenakili majina 63 kutoka kwenye vikaratasi, na vikaratasi vyenyewe nikampa Mama awashie jiko la mkaa. Bibi alikuwa amejikunyata pembeni ya jiko hilo na blanketi lake. Mwenyekiti akakohoa: "Katibu, tusomee michango."

Antivairasi ikachagua dakika hiyo hiyo kuanza upekuzi wake. Nyuma ya jedwali langu mdogo wangu alikuwa ameacha sinema haijafungwa. Skrini ikapauka, kishale kikaganda juu ya jina la mchungaji. Nikabonyeza kila kitu, mwishowe nikabonyeza kitufe cha kuzimia. Ilipowaka, faili lilikuwa na majina matatu. Sikuwa nimesevu.

Kimya. Halafu kumbukumbu za watu zikaanza kufanya kazi. Aliyeahidi elfu hamsini alikumbuka ameshatoa. Aliyeahidi laki alikumbuka alisema elfu ishirini. Shemeji mmoja akaapa kwamba yeye alimaliza zamani, tena kupitia kwa mjomba, ambaye tulimzika Mei.

Bibi akajifunua blanketi. Hajui kusoma wala kuandika, na vikao vyote alivikaa hapo hapo pembeni ya jiko tukidhani anasinzia. Akaanza: fulani elfu thelathini, katoa kumi, fulani debe mbili za mchele, hajaleta, shemeji laki moja, hata shilingi. Jina kwa jina, hakurudia, hakuganda. Mhazini aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Mwenyekiti alisimama akampa shikamoo upya.

"Na huyu hapa," Bibi akaninyooshea kijiti cha kuchokolea mkaa, "kikao cha kwanza kaahidi elfu hamsini, akala na wali. Hajatoa."

Kwenye faili lililokufa, mstari wa kwanza kabisa, mbele ya jina langu nilikuwa nimeandika: AMEMALIZA.