Mfupa wa panya, asidi na haraka zetu

Mfupa wa paja la panya wa maabara una unene unaokaribia njiti ya kiberiti. Mdogo hivyo, lakini ukiuweka kwenye nta ili uukate vipande vya kutazamwa kwa hadubini, nao ukiwa bado na kalsiamu yake, wembe wa mikrotomu, ile mashine ya kukatia vipande vyembamba, utakwaruza na kipande kitatoka kimechanika. Ndiyo maana kalsiamu hutolewa kwanza. Wanaobishana wanabishania kitu kimoja: itolewe kwa asidi au kwa EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu?

Watu wa asidi wana hoja. Asidi ya naitriki ya asilimia 5 hulainisha mfupa kama huu kwa saa chache tu, na ya fomiki kwa siku moja hadi tatu. EDTA ya asilimia 14, yenye pH ya 7.2 hadi 7.4, huchukua kama wiki mbili, tena ubadilishe dawa kila baada ya siku chache. Hata kuiyeyusha ni kazi. Unga hung'ang'ania chini ya chupa mpaka upandishe pH kwa sodiamu haidroksaidi. Mwanafunzi anayedaiwa ripoti hana subira hiyo.

Lakini asidi haichagui. Inapoondoa kalsiamu huvunja pia DNA na RNA, hematoksilini, rangi inayoonyesha viini, ikakosa pa kushika, na viini vya seli vikapauka kama kanga ya miaka mitatu. Kimeng'enya cha TRAP, tunachokitumia kuzitambua osteoklasti (seli zinazokula mfupa), nacho huharibika. EDTA huzikamata ioni za kalsiamu bila kuiunguza tishu.

Kwangu, hoja ya haraka ina nguvu kwa mfupa wa ng'ombe, ambao EDTA ingeuchukulia miezi. Kwa panya ni wiki mbili tu. Na mfupa mdogo ndio unaopitiliza upesi kwenye asidi kali. Niliwahi kuacha mifupa ya panya sita kwenye naitriki Ijumaa jioni, nikairudia Jumatatu. Slaidi zote zilitoka pinki tupu, viini havikuonekana.

Anayetumia asidi basi aipime. Chukua mililita 5 za asidi iliyokwisha kutumika, tia amonia mpaka ukali uishe, kisha ongeza amoniamu oksaleti. Ikifanya ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kalsiamu ingali inatoka. Badilisha asidi, subiri, pima tena. Wapo wanaochoma mfupa kwa sindano kujua kama umelainika. Tundu lile utalikuta kwenye hadubini.

Watu wa EDTA nao hutia chumvi. Lawama nyingi wanazoitupia asidi ni za formalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze, iliyotumiwa vibaya mwanzoni: nyama haikuondolewa, ncha za mfupa hazikukatwa, uboho ukaanza kuoza kabla dawa haijaufikia. Uozo huo EDTA haiuponyi. Na kama unataka tu kuona umbo la mfupa kwa hematoksilini na eosini (rangi ya pinki), fomiki inatosha kabisa. Anayetaka kupima madini yenyewe aziache zote mbili, auzike mfupa kwenye plastiki ya methili methakrileti na autafutie kisu cha tangsteni kabaidi.

Bahati nzuri panya ana mapaja mawili. Siku hizi la kushoto natia kwenye fomiki, slaidi za kawaida zinapatikana wiki hiyohiyo. La kulia liko kwenye EDTA, linasubiri TRAP.